Roho ya Paka Ni Moja Tu

Wasee wa Kibuye, leo tunagombana kidogo. Kuna msemo tumeurithi na sasa tumeugeuza kisingizio: "Huyo ana roho ya paka." Yaani hafi ovyo. Aanguke kutoka kwa paa, agongwe na mlango, anyimwe chakula siku mbili, asubuhi bado utamkuta juu ya gunia la mahindi akijilamba kama bosi. Sasa siku paka mwenyewe akiugua kweli, tunafanya nini? Tunangoja. Eti atakula nyasi, atapike, apone. Siku ya nne anapatikana amekauka chini ya kitanda, halafu mwenye paka anapost mshumaa na maneno matamu.

Samahani, lakini huo ni uzembe uliovaa nguo nyeusi.

Paka anaonekana mgumu kwa sababu anaficha ugonjwa. Ni mwindaji, lakini porini yeye pia huwindwa, na anayeonyesha udhaifu huliwa. Kwa hivyo hatakuja kukulilia. Atajificha, atalala kuliko kawaida, ataacha kujilamba mpaka manyoya yasimame. Ukiona hayo, jua ugonjwa haukuanza leo. Wewe ndiye umeanza kuuona leo.

Na kuna mambo hayangoji. Paka dume akikaa kwa mchanga anakaza na mkojo hautoki, njia imeziba. Bila msaada anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Paka akikataa kula kabisa siku mbili tatu, hasa yule mnene, mafuta ya mwili yanakimbilia ini na kuliharibu. Sasa hebu niambie, ile "tumpe wiki tuone" inatoka wapi?

Mimi naishi na paka mgonjwa, kwa hivyo siongei nadharia. Anaitwa Mbuta, ana miaka 12, na figo zake zimechoka. Daktari aliniambia wazi kwamba figo zikishaharibika hivyo hazirudi. Kinachowezekana ni kumpunguzia mzigo: maji safi kila pembe ya nyumba, chakula chenye majimaji, dawa kwa saa yake, na siku nyingine maji ya kudungwa chini ya ngozi. Nina daftari. Naandika amekula nini, amekunywa kiasi gani, amekojoa mara ngapi. Paka mzima huhitaji kama mililita 50 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, pamoja na yale yaliyo kwenye chakula. Akianza kunywa zaidi ya mara mbili ya hapo, mpeleke akapimwe.

Uzito pia. Wale jamaa wa mizani kando ya barabara mnawajua. Jipime peke yako, kisha ujipime ukiwa umembeba paka kwa kikapu, toa uzito wako na wa kikapu. Watu watacheka, wacha wacheke. Paka wa kilo 4 akipoteza nusu kilo ni kama mtu wa kilo 64 kupoteza kilo 8. Mamako akipoteza kilo 8 bila kujaribu, utasema ana roho ya paka?

Najua kuna mtu tayari ameanza: "Watoto wanalala njaa na wewe unanunulia paka dawa." Poa, tuongee. Kama nyumbani kwenu ni unga au dawa ya paka, nunua unga, hakuna mtu mwenye akili atakulaumu. Umaskini si kosa. Lakini wewe mwenye bando kila siku, mkeka kila wikendi na jezi mpya ya Gor, hao watoto unawakumbuka paka akiugua tu? Hujawahi kuwataja ukiweka beti.

Tena muulize mama anayeuza nafaka hapo sokoni kama paka ni mapambo. Paka ndiye askari wake wa usiku. Panya wa Kibuye hawaogopi mtu, na gunia moja likitobolewa, faida ya siku imeenda. Huyo paka amefanya kazi miaka bila mshahara. Akiugua anawekwa kwa gunia lile lile alilokuwa analinda, anaenda kutupwa usiku mbali na nyumba. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwi. Sisi tunamtupa, na tena akiwa hoi.

Halafu kuna madaktari wetu wa kubahatisha. Paka ana homa? Mpe Panadol nusu. Wasee, HAPANA. Ini la paka haliwezi kuivunja hiyo dawa kama letu. Damu yake inashindwa kubeba hewa, ufizi unageuka rangi ya udongo au bluu, na kidonge kimoja tu kinaweza kummaliza. Ibuprofen nayo ni hatari kwake. Usimpe paka dawa ya binadamu kwa sababu ilikusaidia wewe.

Na si kila anayesimama nyuma ya kaunta ya agroveti ni daktari. Kuna mmoja, simtaji, aliniuzia dawa ya minyoo ya kuku akasema "mnyama ni mnyama". Tangu mwaka 2011 tuna sheria iliyounda Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya, na daktari wa kweli amesajiliwa hapo. Muulize namba yake ya usajili. Muulize kama amewahi kutibu paka, kwa sababu wengi huku kwetu wamezoea ng'ombe na kuku. Haya si madharau, ni maswali ya kawaida. Daktari mzuri hatakasirika.

Sheria nyingine ipo pia: Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360. Ukatili si kumpiga mnyama tu. Hata kukosa kufanya jambo, bila sababu ya maana, mpaka mnyama ateseke pasipo lazima, ni kosa. Kuangalia tu nako kunahesabiwa.

Na ikifika mahali hakuna tena cha kufanya? Hiyo siku huja. Mbuta wangu pia itamfikia, najua. Siku hiyo mwite daktari amdunge sindano ya usingizi wa mwisho, akae mapajani mwako, asikie sauti anayoijua. Hiyo ndiyo heshima. Gunia na giza ni woga wako, usiuite huruma.

Kwa hivyo wewe unayetaka kitoto cha paka juu ni "cute" na kitakuletea laiki, ngoja kwanza. Kabla hujakibeba, pata namba ya daktari, weka kando pesa kidogo kila mwezi, mpeleke achanjwe. Ukiona hiyo ni kazi mingi, achana na paka, fuga picha zake kwa simu. Hizo haziugui.