Tumbo Lenyewe Liulizwe

Nilipofika Siakago, huko Embu, mkulima mmoja alinionyesha shamba lake la muguka. Akaniambia, "Mzee, majani haya ndiyo karo ya watoto wangu. Nyinyi watu wa Pwani mwasema ni sumu. Je, mmeyapima?" Wasomaji wangu, sikuwa na jawabu.

Mwezi wa Mei 2024 serikali za Mombasa na Kilifi zilipiga muguka marufuku, nayo Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha amri hizo. Sisi twawalilia vijana wetu; watu wa Embu, na wenzao wa Meru wenye miraa, waililia riziki yao. Kila mmoja avutia kwake.

Mimi nasema tumbo lenyewe liulizwe, nalo siku hizi laulizika bila ya kumpasua mtu. Mwaka 2009, mjini Utrecht, Uholanzi, Toshiro Sato na Hans Clevers walichukua chembe za utumbo wa panya, zile zizaazo chembe nyingine, wakazikuza maabarani hata zikawa vijitumbo vidogo mno. Mwaka 2011 walifanya vivyo hivyo kwa chembe za binadamu. Leo wataalamu huvichanganya vijitumbo hivyo na chembe za kinga, wakatazama jinsi mwili unavyojitetea.

Hili si jambo la mchezo. Ngozi ya ndani ya utumbo ni safu moja tu ya chembe, na nyuma yake ndiko iliko sehemu kubwa ya kinga yetu. Kwamba miraa hufunga choo, twajua. Je, ukuta huo huufanya nini? Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Lakini vijitumbo vitokane na watu wetu. Chanjo ya matone ya virusi vya rota, ambayo Kenya ilianza kuwapa watoto Julai 2014, huwakinga watoto wa Ulaya zaidi kuliko wa Afrika. Basi tumbo la Utrecht halitoshi kuwa shahidi wa tumbo la Kisauni wala la Maua.

Naam, vijitumbo havitatueleza habari za akili za vijana wala za nyumba zilizovunjika. Hayo yana mizani yake. Lakini chuoni tulifunzwa kuwa mwili ni amana, na kuwa kuhukumu bila ya ilimu ni dhuluma. Mombasa, Embu na Meru na zichange fedha, zipime, na jawabu likimwelemea yeyote, alikubali.

Mkulima yule nimemwahidi kurudi. Sipendi nirudi mikono mitupu.