Mbwa Hajali Nembo ya Gari

Jamani, leo naweka kando hifadhidata na PHP. Nina la moyoni.

Mama anaishi Bungoma, mimi kazi yangu iko Kitale. Miaka michache iliyopita mbwa wetu Simba, jamaa wa kilo 38, alivimba tumbo usiku akiwa kwa mama. Kwa mbwa wakubwa wenye kifua kirefu, tumbo huweza kujaa gesi na kujipinda, na hapo una saa chache tu za kumfikisha kwa daktari wa mifugo. Makanga wawili walikataa kumpakia. Jirani mwenye gari kubwa la kifahari alisema viti vyake ni vya ngozi. Kulipokucha, tulimzika chini ya mparachichi.

Sasa nina mbwa wawili. Nilipoanza kutafuta gari, kila niliyemuuliza alinijibu, "Chukua Forester," au "Kopa ununue Prado." Hakuna hata mmoja aliyeuliza mbwa wana ukubwa gani! Huo ni ugonjwa wetu sisi watu wa tarakilishi: tunachagua zana kabla ya kujua kazi.

Mimi nilianza na futi kamba. Nilimpima mbwa akiwa amesimama, kisha akiwa amelala. Jibu lililotoka ni Toyota Probox. Ndiyo, hiyo hiyo mnayoiita gari la miraa. Ilitengenezwa tangu 2002 kubeba mizigo. Ukilaza viti vya nyuma, unapata sakafu bapa ya urefu wa karibu mita 1.8. Mlango wa nyuma unafunguka kuanzia chini, kwa hiyo mbwa mzee hapandi mlima ili kuingia.

Na bei je? Kwa mtumba unaoagizwa, ushuru wa bidhaa ni asilimia 20 injini ikiwa haizidi sisi 1500. Ikizidi hapo, unaanzia asilimia 25. Ushuru wa forodha nao ulipandishwa mwaka 2023 kutoka asilimia 25 hadi 35. Kila shilingi unayoongeza kwa ajili ya sifa inatozwa kodi! Kisha uje ujaze mafuta Kitale, Kiminini, Webuye mpaka Bungoma, kila wikendi.

Mtaniambia, "Lakini Premio ni nafuu pia, mtie butini." Hapana. Buti la saluni limefungwa, halina hewa ya kutosha wala mwanga. Ni sanduku. Wengine mtasema pikapu. Mbwa akiona mbuzi pale Kamukuywa akaruka, utamwambia nini mwenye gari la nyuma yako?

Sitawadanganya kwamba Probox ni kamilifu. Ina kelele, na haina kizuizi imara kati ya mbwa na dereva. Hapo ndipo hesabu inatisha: kugonga kitu ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa ni sawa na kudondoka kutoka urefu wa mita 25. Mbwa wa kilo 38 asiyefungwa atakuja na nguvu hiyo yote kisogoni mwako. Fundi wa jua kali alinichomelea kizuizi cha vyuma, nikakifunga kwa bolti. Na msidanganyike na baridi ya Kitale. Siku ya jua, nje kukiwa nyuzi 22, ndani ya gari lililofungwa joto huweza kupita nyuzi 40 kwa saa moja. Usimwache mbwa humo hata kama "unaingia benki kidogo tu."

Wenzangu ofisini bado wanacheka. Wacheke. Mkopo wa Prado wanalipa wao, na wikendi liko barazani likipigwa maji. Langu lina manyoya kila kona na linanuka mbwa.

Lakini usiku mama akipiga simu, naondoka saa hiyo hiyo, na simwombi mtu kiti.