Samaki wasubiri kwanza

Kwa wanaoanza kufuga samaki tangini, naomba nikazie jambo moja: subirini. Tangi langu la kwanza la maji ya chumvi, la lita 60, nilitia samaki siku ya tatu. Wiki haikuisha, wote walikufa. Sikujua kwamba uchafu wao hutoa amonia, na bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kuota kwenye mawe na mchanga. Jingine: maji yakipungua kwa mvuke, ongezeni yasiyo na chumvi, maana chumvi haipai, hubaki tangini na kuzidi ukali. Samaki ni viumbe hai. Tuwaandalie makao kwanza, ndipo tuwalete.