Kijana Aliyejipeleka Hospitali Usiku

Kwa ndugu, jamaa na majirani mlioko Mombasa, Tanga na Unguja,

Barua hii inahusu kitabu. Kinaitwa It's Kind of a Funny Story, riwaya ya vijana ya Ned Vizzini iliyotoka Marekani mwaka 2006. Mwandishi wa barua hii alikisoma mara ya kwanza akiwa mwanafunzi wa chuo, mgeni Brooklyn. Mwaka huu amekirudia akiwa mama wa kijana wa rika la mhusika mkuu, na safari hii kimemshika mahali pengine kabisa.

Craig Gilner ana miaka 15. Amekesha na vitabu mwaka mzima ili aingie sekondari ya wateule huko Manhattan, na mtihani ameufaulu vizuri mno. Anaingia darasani na kukuta kila aliyeketi naye kafaulu vilevile. Kuanzia hapo chakula hakipiti kooni, usingizi unamkimbia. Usiku mmoja, akiwa amekata shauri la kujiua, anapiga simu ya msaada. Anaambiwa aende hospitali. Anatoka kwa miguu, wazazi wamelala, na analazwa siku tano katika wodi ya watu wazima kwa sababu ile ya vijana inakarabatiwa.

Msomaji kijana humtazama Craig peke yake: akili zake, ramani za miji ya kubuni anazochora wodini, urafiki wake na msichana Noelle. Mtu mzima macho humhama. Huanza kumtazama aliyepokea simu usiku ule. Humtazama daktari wa zamu aliyemsikiliza, na wazazi waliofika wodini bila kumfokea mtoto wao. Wana kurasa chache, lakini waondoe hao na hakuna riwaya.

Sasa mfikirini Craig akiwa mtoto wa Kisauni, Mombasa, mwaka huohuo wa 2006. Angejaribu kujiua akaokolewa, angeweza kutoka kitandani akapandishwa kizimbani. Mpaka Januari 2025, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilimhesabu mtu wa namna hiyo kuwa mkosaji, na kifungo chake kilifika miaka miwili. Mwezi huo Mahakama Kuu ikatamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Sheria yenyewe ni ya wakoloni, na Waingereza kwao waliiondoa mwaka 1961. Inauma kuona muda wote huo uliopita hapo katikati.

Korti imefungua mlango wake, milango ya nyumba bado. Watoto wetu wanakua wakisikia hospitali za wagonjwa wa akili za Mathari, Mirembe na Kidongo Chekundu zikitajwa kama matusi, kisha tunawataka watuambie vichwa vyao vinapowaelemea! Mtoto akikosa usingizi wiki mbili kabla ya mtihani wa kidato cha nne, anaambiwa aache uvivu, au anapelekwa kuzinguliwa kwa dua. Dua haina ubaya hata kidogo. Ubaya ni kuifanya kisingizio cha kutomwona daktari.

Kuna mgonjwa mmoja humo kitabuni ambaye usomaji wa kwanza ulimpita hivihivi. Ni Muqtada, Mmisri anayelala chumba kimoja na Craig na asiyetaka kutoka kitandani. Craig anafanya mpango upatikane muziki wa Misri, unapigwa wodini, na Muqtada anainuka. Sisi tulio ughaibuni tunawajua akina Muqtada. Ni yule aliyekuja kutafuta maisha, akaacha kupokea simu za nyumbani, huku nyumbani akinuniwa kwa kudhaniwa ana maringo. Kabla ya kumnunia, mwulizeni analala vipi, anakula vipi.

Vizzini aliyajua aliyoyaandika. Mwishoni mwa Novemba 2004, akiwa na miaka 23, alilazwa siku tano katika hospitali moja ya Brooklyn. Alipotoka hakukaa hata wiki mbili akaanza riwaya hii, akaimaliza mapema Januari 2005. Desemba 2013 alijiua, ana miaka 32, ameacha mke na mtoto mdogo.

Wapo wanaosema kifo hicho kimekifanya kitabu uongo. Mwandishi wa barua hii hakubali. Humo ndani Craig alikuwa ameacha dawa kwa sababu alijiona amepona, na ugonjwa ukamrudia kwa nguvu. Vizzini hakuficha kwamba sonona hurudi. Mgonjwa wa sukari hakuna anayemwuliza mbona bado anameza vidonge mwaka wa tano; wa sonona huulizwa kila sikukuu na shangazi zake, tena mbele ya watu. Siku tano za wodini zilimpa Vizzini miaka tisa ya kuandika, kuoa na kulea, na miaka hiyo ilikuwa na thamani.

Nakala mbili zinakuja na msafiri wa Desemba. Kitabu kinataja kujiua waziwazi, pamoja na bangi na mapenzi ya vijana, kwa hiyo wakubwa wasome kwanza, kisha wakae na watoto wakizungumze. Na ikiwa yupo nyumbani ambaye hali yake haingoji Desemba, Port Reitz hapo Mombasa pana wodi ya wagonjwa wa akili, na Befrienders Kenya wanapokea simu. Mtu amsindikize, asiende peke yake.

Wasalaam,
Dada yenu, Brooklyn