Viti vya magurudumu: Vipuri kwanza

KATIKA udongo mweusi wa mbuga za Igunga, mvua ikinyesha hata baiskeli hukwama. Kiti cha hospitali chenye vigurudumu vidogo mbele hakifiki shambani wala mnadani.

Mwaka 2005, Amos Winter wa chuo cha MIT, Marekani, alichunguza tatizo la viti hivyo nchini Tanzania. Baadaye kilibuniwa kiti cha njia mbovu, chenye gurudumu moja mbele, kinachosukumwa kwa vyuma viwili virefu: ukivishika juu unapata nguvu ya kupanda, ukivishika chini unapata mwendo.

Mnyororo wake ni wa baiskeli, hivyo fundi wa kijijini anaweza kuutengeneza. Wanaonunua viti vya msaada waulize kwanza vipuri. Bila vipuri, kiti huishia kuwa chuma chakavu.