Mtoto si Bidhaa ya Mnada



Mwaka jana nilialikwa katika karamu iliyofanywa ukumbini, si mbali na hapa Nyakabiga, ili kumchangia minervali mtoto mmoja aliyepata nafasi katika shule ya binafsi. Binti huyo nilimfundisha mwenyewe. Alisimamishwa jukwaani, akatakiwa aeleze jinsi baba yake alivyofariki na jinsi mama yake auzavyo ndagala sokoni. Kila alipotokwa na machozi, faranga ziliongezeka. Hotuba zote zilikuwa za Kifaransa. Mama yake, aliyeketi kando yangu, aliniuliza, “Mwalimu, wanasema nini juu yetu?” Nikamtafsiria kwa sauti ya chini, na mengine nikayaruka kwa aibu. Kisha nikapiga makofi pamoja na wengine. Makofi hayo nayaonea haya hata leo.

Sisemi kwamba kumsomesha mtoto wa mwenzio ni kosa. La hasha! Wengi wetu tusingalishika chaki lau si mjomba, jirani au parokia. Ninalolipinga ni namna ya kutoa.

Kwanza, dini zetu zote, msikitini na kanisani, zafundisha kutoa kwa siri. Sisi twatoa kwa kipaza sauti. Ikiwa maskini hana budi kuuza siri za nyumba yake ili asaidiwe, hapo pana biashara, na msaada haupo tena.

Pili, masomo ni safari ya miaka, na karamu ni ya usiku mmoja. Fedha zile zilitosha mwaka mmoja. Mwaka wa pili waliochanga hawakuonekana, na binti akarudi mtaani, amepoteza nafasi kule na wenzake huku. Ni heri asiyepandishwa mtini kuliko aliyepandishwa kisha akaondolewa ngazi.

Tatu, tuwafikirie waliobaki. Mwaka 2005 Serikali ya Burundi ilifuta karo ya shule za msingi, na watoto wakamiminika madarasani kuliko madawati yaliyokuwapo. Msongamano huo sote twaujua. Gharama ya ukumbi, muziki na vinywaji vya usiku ule ingaliweza kununua madawati ya darasa letu.

Wako watakaojibu, “Afadhali aokoke mmoja kuliko kuzama wote.” Hoja hii ina uzito, wala siidharau. Lakini tuwatazame jirani zetu. Huko Kenya, tangu uhuru wa mwaka 1963, wanavijiji wengi walichanga kwa harambee wakajenga shule za sekondari ambamo watoto wa kijiji walisoma pamoja. Na katika jiji la Nairobi, kituo cha Starehe, kilichoanzishwa mwaka 1959, kimewasomesha bure maelfu ya watoto wa maskini kwa fedha za wafadhili, kwa mpango wa kudumu. Basi yawezekana kuokoa wengi, na yawezekana kumfikisha mmoja mwisho wa safari. Lakini harambee nayo iliharibika pale wanasiasa walipoigeuza jukwaa la kujitangaza, hata sheria ya mwaka 2003 ya maadili ya watumishi wa umma ikabidi iwawekee mipaka katika michango hiyo. Hilo nalo litufunze.

Kwa hiyo naomba chama chetu kikubaliane juu ya mambo matatu. Mwalimu asikubali kumpeleka mwanafunzi wake jukwaani kueleza umaskini wake. Mfuko wowote tutakaouunga mkono uwe na akiba ya kumfikisha mtoto mwisho wa masomo kabla hajahamishwa. Na kila mchango utakaotolewa kwa ajili ya mmoja, sehemu yake iende katika shule ya mtaa aliyoiacha.

La nne ni letu sisi walimu wa Kiswahili hasa: mkutano wa kumchangia mtoto na ufanywe kwa lugha ambayo mzazi wake anaielewa. Katika Buyenzi, Bwiza na Nyakabiga lugha hiyo mara nyingi ni hii tuifundishayo. Anayemsaidia mtu na huku akimsema kwa lugha asiyoielewa hajamheshimu bado.

Mama yule hupita mbele ya shule yetu kila asubuhi na beseni lake kichwani. Hajaniuliza tena walisema nini. Siku atakaponiuliza, nataka niwe na maneno ambayo sitayaruka.