Taifa Stars na Mkono wa Mtu

Hapa Kabuku twasikia watu, hata waliobatizwa, wakisema ya kuwa timu yetu ya taifa ililogwa. Hoja yao ni hii: mwaka 1979 Taifa Stars walitoka sare 1-1 na Zambia kule Ndola, Peter Tino akafunga, wakapata njia ya kwenda Nigeria kushindania Kombe la Afrika la 1980. Kisha ikapita miaka 39 wasirudi, hata 2019 kule Misri. Basi, wasema, pana mkono wa mtu.

Sisi twakataa. Katika miaka hiyo hiyo timu ilitwaa kombe la Afrika Mashariki na Kati mara mbili, 1994 na 2010. Uchawi gani huo uliosinzia Nairobi na Dar es Salaam, ukawa macho kwingineko? Tena hao wa 1980, wanaosifiwa kana kwamba hawakushindwa kamwe, walifungwa 3-1 na Nigeria, 2-1 na Misri, wakatoka 1-1 na Kodivaa. Hatuwadharau, twawaheshimu kwa miguu yao, si kwa hirizi.

Wala hayo si maneno matupu. Kwa hadithi hiyo vijana wetu huchanga fedha kabla ya mchezo, wakampa mganga, na mpira wenyewe umepasuka. Tumeuona: umeshonwa kwa uzi wa katani! Fedha ile ingalinunua mpira mpya, na nyavu juu yake. Nao wazee wa kanisa waliotia mkono katika mchango huo wanajijua.